Koti la Vifungo Visivyofanana

Walisema sitaweza kumpandisha mtu Mlima Elgon na kumrudisha akiwa mzima. Walisema mbele yangu, si nyuma yangu, kwa hiyo ninawakumbuka wote kwa majina.

Fundi Hamisi, mshona viatu karibu na msikiti hapa Kitale, alinitazama kuanzia kofia hadi viatu na kuuliza, "Wewe? Wewe uliyekuwa ukiwafungulia Waarabu milango?" Barasa, mchimba visima wa Bumula, alisema mtu aliyekaa jangwani muda wote ule akiona ukungu atadhani ni moshi, atoke mbio. Mama Chebet, mwenye kibanda cha chakula kule Kapsokwony, alicheka tu mpaka akaweka mwiko chini. Na shemeji yangu Wanyonyi, kaka wa mke wangu, akanipa ushauri wa bure: "Shemeji, si ununue pikipiki kama wanaume wengine?"

Basi nisikilizeni, nyinyi mnaoanza kazi hii leo. Mimi nimestaafu, magoti yamekataa. Lakini kabla hayajakataa nilipandisha mlima ule madaktari, mapadri, maharusi waliogombana njia nzima, na Mzungu mmoja aliyebeba gitaa. Wote walirudi. Nimewahi kupoteza kofia, sufuria, na meno ya bandia ya mteja aliyepiga chafya ukingoni mwa bonde. Mtu, hapana. Diploma yangu ya uongozaji watalii, niliyoisomea Eldoret kwa jasho langu mwenyewe baada ya kurudi kutoka Arabuni, imetundikwa sebuleni juu kuliko picha ya harusi. Watu walianza kuniita Diploma kwa kunikejeli. Nikalichukua jina hilo nikaliandika kwenye kadi zangu: Diploma, Mwongozaji wa Mlima. Hadi leo wateja wangu wengi hawajui kwamba naitwa Wekesa.

Likumbukeni jambo hilo la jina. Ndilo lililonipatia mshtuko ambao mpaka sasa nikiuwaza nikiwa na kikombe mkononi, naweka kikombe chini kwanza.

Diploma nilikuwa nayo, vifaa sikuwa navyo. Nyinyi mna bahati, vifaa vipo, lakini hamvivai. Juzi nimemwona kijana kwenye geti la mlimani amevaa raba nyeupe kama anaenda harusini, simu mkononi, maji kidogo kwenye chupa, ati anaenda kileleni na kurudi. Nilishtuka nikamuuliza, "Mvua ikinyesha?" Akasema simu imemwambia haitanyesha. Mlima ule haujawahi kuisoma simu ya mtu. Viatu vya mlimani vichukue vikubwa kidogo kuliko mguu, uweze kupitisha kidole gumba nyuma ya kisigino, kwa sababu kupanda hakuumizi vidole, kinachoumiza ni kushuka. Na koti la mvua linafungwa juu kabisa ya mzigo, si chini ya vyakula, hata kama jua linachoma.

Kwa kuwa sikuwa na vifaa, niliwaendea wale wale walionicheka. Mtu anayekucheka anapenda kuona mwisho wa kichekesho, kwa hiyo atakuazima.

Hamisi alinipa buti ambazo mteja mmoja hakurudi kuzichukua. "Buti hizi zitarudi," alisema. "Wewe ndiye sijui."

Barasa alinipa kamba yake ya manila. "Hii imetoa ng'ombe kisimani akiwa hai. Usiniletee hadithi."

Mama Chebet alinipa chupa ya chai, nyekundu, kubwa kama mtungi, ambayo kizibo chake kilipotea zamani ikawa inazibwa kwa gunzi la mahindi.

Wanyonyi aliingia stoo nyumbani kwao Moi's Bridge, akatoka na koti la mvua la marehemu baba yake. Koti la maana, zito, la rangi ya udongo, linafika magotini, lina kofia yake nyuma. "Usimwambie mtu," akanong'ona. "Mama akijua limetoka hapa ndani, nitalala nje."

"Atajuaje?" nikamjibu.

Siku chache baadaye simu ikalia. Sauti ya mwanamke, kavu, ya mtu aliyezoea kuamrisha wodi nzima. "Wewe ndiye Diploma? Kadi yako nimepewa kanisani. Naitwa Felistas. Ni nesi mstaafu. Nataka kwenda mlimani asubuhi na kurudi jioni, peke yangu. Usiniulize umri."

Huyo ndiye aliyekuwa mteja wangu wa kwanza. Nataka mwelewe uzito wake. Akirudi mzima, mimi ni mwongozaji. Asiporudi mzima, hakuna mtu kutoka Kitale hadi Bungoma atakayenipa hata mbwa nimtembeze, na mimi ningerudi Arabuni kufungua milango. Usiku huo nilipaka buti mafuta mara nyingi mpaka mke wangu, Nekesa, akauliza kama nataka kuzikaanga.

Tulikutana Kapsokwony alfajiri, kwenye kibanda cha Mama Chebet. Mteja wangu alikuja amevaa suruali ya kijani, kofia pana, miwani ya jua iliyofunika nusu ya uso, na leso kiunoni. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alitembea kama mtu anayechelewa zamu. Mimi nilikuwa na ndevu za wakati huo, kofia hadi kwenye nyusi, na miwani yangu pia.

"Kabla hatujaanza," alisema, "watoto wangu hawajui niko hapa. Wakijua watanifungia chumbani kama kuku anayetaga. Nilifanya kazi dispensari ya hapa muda mrefu, nikiuona mlima huu kwa dirisha kila siku. Kila siku, Diploma. Nadunga watu sindano huku nautazama. Nikasema nikistaafu, nitaenda kuona kuna nini huko nyuma."

"Utaona, mama. Tena utarudi."

"Hilo la kurudi ndilo nimekuitia. Kupanda ningepanda mwenyewe."

Nilimpenda palepale.

Tulipita mashamba ya vitunguu na viazi, tukaingia msituni, tukapanda hadi kwenye mianzi. Nilimfundisha hatua ya mlimani: fupi, ya polepole, kiasi kwamba unaweza kuongea bila kuhema. Ukianza kuhema, umekwenda haraka. Kwake yeye shida haikuwa kuongea. Aliongea kuhusu wagonjwa wake, kuhusu daktari aliyeogopa damu, kuhusu mwanamume aliyekuja na mbuzi mgonjwa akisisitiza apewe kadi ya hospitali. Nilicheka mpaka nikashika mti. Kwenye kijito nilimpa mkono akavuka. Kwenye ule mteremko mkali juu ya mianzi, udongo ukiwa umelowa, nilijipanga chini yake nikamsukuma kwa bega mpaka akashika mzizi.

"Ngu-vu!" alisema huku akicheka. "Kumbe mmesomea na hii?"

"Diploma nzima, mama."

Tukatokea juu, kwenye nyasi za baridi na ile mimea mirefu yenye vichwa kama kabichi. Chini yetu nchi yote ilikuwa imetandazwa: Kitale upande mmoja, Bungoma upande wa pili, mashamba ya mahindi yameungana kama viraka. Alivua kofia akasimama. "Kwa hiyo ndio iko hivi," alisema mwishowe.

Tuliketi kwenye mwamba. Alifungua kikapu: kuku wa kuchoma na ugali wa mtama. Tukala sahani moja, mikono ikigongana kwenye mfupa. Nikamimina chai, tukanywa kwa zamu kwenye kikombe kimoja, maana kingine nilikuwa nimekisahau.

"Diploma, wewe una kazi ya maana," alisema. "Si kama mkwe wangu."

"Mkwe wako anafanya nini, mama?"

"Alikuwa Arabuni. Amerudi na maneno mengi. Ati sasa anasema anatembeza wageni. Huyo? Hawezi kutembeza mbuzi hadi mtoni."

Nilicheka kwa sauti. Waliorudi kutoka Arabuni siku hizo walikuwa wengi, karibu kila boma lilikuwa na mmoja wao, na mimi nilijua wawili watatu wa namna hiyo. "Mama, matapeli hao ndio wanaotuharibia kazi."

"Si ndiyo! Na sijui hata sura yake vizuri. Namwona kofia tu. Nikitokea huku, yeye huyo ameingia kwenye mahindi."

"Hapo kwenye mahindi ana adabu, lakini."

"Adabu anayo," alikubali. "Akili ndiyo hana. Binti yangu anavumilia tu."

"Mwambie binti yako amfukuze," nikasema, nikijichukulia paja la pili.

Kwa nyinyi mliokulia mjini, nieleze. Kwetu sisi Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawali pamoja. Hawatazamani usoni, wala hawatajani majina. Mimi kwa miaka yote ya ndoa yangu nilimjua kama Mama Nekesa, basi; kwamba ni nesi nilijua, lakini manesi wastaafu ni wengi. Nikienda kwao nilikaa upande wa wanaume, yeye akakaa jikoni, na neno lake lilinifikia kupitia mdomo wa mtu mwingine. Tukikutana njiani, mmoja anaacha njia. Hiyo si chuki. Ni heshima, na kwa wazee wetu ni heshima kubwa kuliko zote. Nami nilikuwa mkwe mzuri mno wa kukwepa. Hakuna shamba la mahindi kati ya Moi's Bridge na Kitale ambalo sijawahi kujificha ndani yake.

Sasa mnaona shida inakotoka.

Ukungu ulianza kupanda kutoka chini. Ukungu wa mlima ule ukishuka kutoka juu, hupita. Ukipanda kutoka chini ukiwa mweusi tumboni, funga mzigo uondoke. Nilifunga. Lakini matone ya kwanza yalitufikia kabla hatujatoka mwambani, na mama yule alikuwa na kijikoti cha nailoni ambacho kuku angekikataa. Nikafanya kama nilivyosomea: mteja kwanza. Nikatoa koti la mvua juu ya mzigo, nikalikung'uta, nikamfunika mabegani.

Alianza kulifunga vifungo. Akafunga cha kwanza, akasimama.

Vifungo vya koti lile havikufanana. Kimoja kilikuwa cha kahawia, kimoja chekundu cha sweta ya shule, na kile cha katikati kilikuwa cheupe, cha aina ile ya sare za manesi. Alikishika kile cheupe kwa vidole viwili.

"Koti hili umelitoa wapi?"

"Ni la mzee mmoja marehemu. Shemeji yangu ameniazima."

"Shemeji yako nani?"

"Wanyonyi. Wa Moi's Bridge."

Mvua ilikuwa inapiga mwambani. Alivua miwani ya jua polepole, kwa sababu ilikuwa imelowa na hakuona, na mimi nilikuwa nimevua yangu kwa sababu hiyo hiyo. Tukatazamana usoni. Macho ya Nekesa mke wangu yalikuwa yakinitazama kutoka kwenye uso wa mwanamke mzee.

"Wanyonyi ni mwanangu," alisema. "Kifungo hiki nilikishona mimi."

Vijana, nimewahi kukutana na nyati uso kwa uso kwenye kona ya mianzi. Nimewahi kupigwa na radi iliyopasua mti niliokuwa nimeuegemea dakika hiyo hiyo. Sijawahi kushtuka namna ile. Kichwani nilikuwa naona mambo moja baada ya jingine, kama mtu anayeonyeshwa picha za msiba: mkono kwenye kijito. Sahani moja. Kikombe kimoja. Bega langu, na pale lilipokuwa limesukuma.

Na paja la pili.

Yeye alipiga kelele, si kubwa, kama mtu aliyeungua. Akaivuta leso kutoka kiunoni akajifunika kichwa na uso. Mimi nikaishusha kofia hadi kidevuni, nikageuka, nikatafuta mahindi. Kule juu hakuna mahindi. Tukafanya kile ambacho watu wetu tu ndio wangefanya juu ya mwamba uliolowa, wakati mvua inanyesha: kila mmoja akarudi nyuma, hatua baada ya hatua, kinyumenyume, kwa heshima.

Upande wangu kulikuwa na nyasi. Upande wake kulikuwa na ukingo.

Nilisikia kishindo. Niligeuka nikamwona chini kwenye korongo fupi, ameketi majini, mguu umekunjwa vibaya.

"Usinishike!" alipiga kelele.

"Sikushiki!" nikapiga kelele pia, nikitazama mbingu.

Hapo tukakwama. Mimi nimesimama na mgongo kwake, yeye ameketi na mgongo kwangu, mvua inatupiga wote wawili. Kwa kawaida lingepita neno kupitia kwa mtu wa tatu. Mtu wa tatu hakuwepo mpaka kijijini. Kilichokuwepo katikati yetu kilikuwa ile chupa nyekundu ya Mama Chebet.

"Wewe chupa," alisema baada ya muda, "mwambie huyo mtu kifundo cha mguu kimeteguka."

Sikuamini masikio yangu. Lakini nilijibu. "Chupa, muulize mama kama hakijavunjika."

"Mwambie mimi ni nesi. Kingevunjika ningejua."

"Chupa, mwambie mama nitaifunga kamba kwenye mti. Aishike. Mimi nitatangulia, sitageuka."

Ndivyo tulivyoanza kushuka. Nilitangulia na kamba ya Barasa, nikiifunga kwenye kila mti, yeye akiifuata kwa kurukaruka na fimbo yangu, chupa ikining'inia begani mwangu ili tuweze kuzungumza. Nilimsikia kila alipotua mguu. Hakulia. Alihesabu tu kwa sauti, kama anayehesabu mapigo ya moyo wa mgonjwa.

Kisha mvua ikageuka kuwa ya mawe.

Nawafundisha jambo hapa, mlishike. Mtu akitetemeka kwa baridi, bado ana nguvu, mshukuru Mungu. Akiacha kutetemeka bila kuwa amepata joto, au akianza kusema mambo yasiyohusu, unaye kwa muda mfupi tu. Nilikuwa nasikia meno ya mama yakigongana nyuma yangu. Halafu nikasikia yamenyamaza. Kuhesabu nako kukanyamaza.

Niligeuka. Nilikuwa nimeahidi sitageuka, niligeuka. Alikuwa ameketi kwenye matope amekumbatia mti, midomo ya rangi ya jivu, koti la mumewe limemmeza. Mbele yetu kulikuwa na mianzi yote ile, na jua lilikuwa limeanza kwenda.

Nilisimama kama gogo. Diploma haikuwa na somo hili. Kama ningemshika, ningemvunjia heshima mwanamke ambaye miaka yote nilikuwa nimemheshimu kwa kukimbia. Kama nisingemshika, ningemrudishia Nekesa mama yake kwenye machela. Nilitetemeka mimi badala yake.

Ndipo aliponyanyua kichwa. Alikuwa bado yuko pale, akili yake ndani ya baridi, lakini ipo.

"Chupa," alisema, ulimi mzito. "Kuna watu wawili hapo. Mwambie mkwe wangu abaki hapa mlimani, akae chini ya mti, ananitosha kwa leo." Akavuta pumzi. "Halafu mwambie Diploma tulipatana anirudishe. Anibebe."

Mnataka kujua mbinu? Arabuni nililala chumba kimoja na Mnepali aliyeitwa Gopal, mtu wa milima ya kwao, aliyekuwa amewahi kubeba watu kwa kazi. Jioni za Ijumaa alinifundisha mbinu hiyo kwa mzaha, ati ikitokea siku ukaihitaji. Unakunja kamba iwe mviringo mkubwa, unaigawa mafungu mawili, unaivaa kama begi la mgongoni. Mgonjwa anapitisha miguu kwenye matanzi hayo, anakaa kama kwenye kiti, na uzito unakaa mabegani mwako, si mikononi. Wenzangu wakacheka kuona mlinzi wa mlango akimbeba Mnepali kuzunguka kitanda. Leo nawaambia, nilimbeba mama mkwe wangu kwa kamba iliyomtoa ng'ombe kisimani, na leso yake nikatuzungushia sote wawili nikaifunga kifuani, kama mama anavyombeba mtoto.

Nilikuwa nimeshtuka kila hatua. Pumzi yake ilikuwa sikioni mwangu. Kidevu chake kiligonga bega langu, na kila kilipogonga nilisema "Samahani" kwa sauti, na yeye akasema "Endelea." Nilimnywesha chai kwa kuinua chupa nyuma ya bega bila kutazama, nyingine ikamwagika shingoni mwangu, nayo ilinisaidia. Mahali fulani kwenye mianzi tulikwama, tawi likashika koti, nikavuta kwa nguvu, kitu kikapasuka. Sikusimama kuangalia.

"Diploma," alisema karibu na mwisho wa msitu. Meno yalikuwa yameanza kugongana tena, sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia.

"Naam, mama."

"Yule mkwe wangu. Niliyosema juu yake kule juu."

"Sikusikia chochote, mama. Nilikuwa nakula."

Akacheka. Nilihisi kicheko hicho kwenye mbavu zangu.

Pale msitu unapoishia na mashamba kuanza, alinipiga bega. "Nishushe hapa. Watu wataona." Nikachuchumaa, nikafungua leso, nikageuka upande. Alijifunika kichwa, akashika fimbo, akachechemea mwenyewe hadi barabarani. Kutoka huko aliitumia chupa neno: "Mwambie Diploma asante. Mwambie sasa anaweza kwenda kumwita mkwe wangu ashuke."

Wa kwanza kutuona alikuwa Mama Chebet, aliyekuwa akifunga kibanda. Alitutazama sote, matope hadi kwenye nyusi. Hakucheka. Alikimbia kuita bodaboda ampeleke hospitali.

Nekesa nilipomwambia, aliketi sakafuni ingawa kiti kilikuwepo. "Ulimbeba? Mama? *Mgongoni*?" Aliuliza mara nyingi, na kila mara sauti ilipanda. Kisha akauliza lile la kuogofya zaidi: "Na kula mlikula?"

Jambo hilo halikuweza kuachwa lilivyo. Baba mdogo wa Nekesa, Mzee Khaemba, msemaji wa ukoo wao, aliniita nyumbani kwake. Nilimkuta anakunywa uji na anasikiliza mpira kwenye redio, akaipunguza sauti bila kuizima.

"Ulipombeba, yeye alikuwa anatazama wapi?"

"Mbele, baba."

"Na wewe?"

"Mbele."

"Basi hamkutazamana." Akanywa uji. "Na kati ya mgongo wako na yeye kulikuwa na nini?"

"Koti, baba. La marehemu."

Aliweka bakuli chini. Alikuwa mdogo wa marehemu, wa tumbo moja. Mtu alifunga bao redioni na hakugeuza kichwa.

"Basi aliyembeba ni ndugu yangu," alisema. "Wewe ulikuwa miguu tu. Leta kondoo kwa ajili ya ile sahani, na blanketi kwa ajili yake, tumalize."

Kondoo akachinjwa, blanketi likapelekwa. Na mguu ulipopona, nikachagua siku moja ya kuwarudishia wote waliokuwa wameniazima.

Hamisi alizigeuza buti, akazinusa, akanitazama. "Zimerudi," alisema. "Na wewe pia. Hii nitawaambia watu." Kule Bumula, Barasa aliikagua kamba yote kwa vidole vyake. "Imetoa nini safari hii?" Nikamwambia, nesi. Akaikagua tena upya. Mama Chebet nilimrudishia chupa na gunzi jipya, kavu, nililolichagua mwenyewe. Aliniuliza wateja wangu wengine watakuja lini, ili ajue apike kiasi gani.

Mwisho nikafika Moi's Bridge na koti, limefuliwa, limekunjwa. Wanyonyi alisimama katikati ya ua kama kawaida, awe mdomo kati yetu. Niliweka koti kwenye nyasi, nikarudi nyuma, polepole, nikiwa nimetazama kwanza nyuma yangu kuna nini. Kofia nikaishusha. Nikasikia hatua zake zikija kutoka jikoni, moja nzito, moja nyepesi, zikasimama. Koti likakunjuliwa.

"Mwambie huyo," alisema mama kwa Wanyonyi, "kifungo cheupe hakipo."

Wanyonyi aliniambia, ingawa nilikuwa nimesikia. Nikamwambia Wanyonyi amwambie mama nitanunua kingine, kizuri kuliko kile.

"Mwambie sitaki kingine. Kilianguka kwenye mianzi, pale koti liliposhikwa na tawi. Mimi nilikuwa naangalia nyuma." Akalikunja koti tena. "Mwambie mkwe wangu asijisumbue, abaki nyumbani. Lakini kama anamjua Diploma, amwambie Jumamosi nitakuwa Kapsokwony alfajiri. Nitakuja na kikombe changu."

Niliingia kwenye mahindi kwa heshima zote. Nilitembea ndani yake mpaka nikatokea barabarani, nikapanda gari hadi Kitale, nikamkuta Hamisi anafunga duka. Siku hiyo nilikuwa nimemrudishia kila aliyeniazima, na nilikuwa nimesimama mlangoni kwake tena, nikiuliza kama zile buti bado zipo.